Nyumba Yenye Nafasi

Kiswahili kina neno moja lililobeba mizigo miwili. Neno lenyewe ni nafasi. Mwenye nyumba akisema kwamba chumba chake kina nafasi, husemea upana wa mahali. Mwenye shughuli akisema kwamba leo hana nafasi, husemea ufinyu wa wakati. Neno wasaa nalo lina tabia hiyo hiyo: asili yake katika Kiarabu ni upana, na vinywani mwa watu wa pwani likawa pia ni ule muda alionao mtu wa kumsikiliza mwenzake bila ya kutazama mlango. Wazee waliotumia neno moja kwa mambo mawili yumkini hawakuona haja ya kuyatenga. Aliyekuwa na mahali pa kukaa alikuwa pia na wakati wa kukaa.

Siku hizi mambo hayo mawili yameachana, na talaka yao ndiyo asili ya swali linalowakosesha usingizi watu wengi wa mijini. Mtu afanyaye kazi mjini, akaishi katika vyumba vichache vya joto na kelele, hutamani nyumba ya nje ya mji. Huitaka iwe na uwanja, upepo, miti na kimya, lakini isiwe mbali hata ashindwe kuifikia kazi asubuhi na kurudi jioni. Tamanio hilo ni la halali, na hakuna mwenye haki ya kulicheka. Hata hivyo limefunika swali zito kuliko bei ya kiwanja na idadi ya mifuko ya saruji. Utulivu anaoutafuta mtu huyo ni kitu gani? Je, ni mali, ambayo mwenye fedha huinunua kisha akaifungia lango? Au ni haki ya kila mwanaadamu, kama hewa? Au ni amana, ambayo mtu huikuta mahali na kupaswa kuiacha kama alivyoikuta?

Kisiwa cha Unguja ni mahali panapofaa kuuliziwa swali hili, kwa kuwa ni kidogo na kila jambo litendwalo huonekana. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 893,169. Katika miaka kumi mkoa mmoja umeongeza watu karibu laki tatu, na bahari haikusogea hata hatua moja kuwapisha. Zamani mpaka ulikuwa wazi. Kulikuwa na Mji Mkongwe wa mawe, ukavuka daraja lililokuwa juu ya mkono wa bahari ukaingia Ng'ambo, na ukitoka Ng'ambo ukaingia shamba. Mkono ule wa bahari umefukiwa zamani, na daraja limebakia katika jina la Darajani tu. Neno shamba nalo linaelekea njia hiyo hiyo. Mtu akisema leo kwamba anakwenda shamba, na akashuka Fuoni au Tomondo, hatoona ila maduka, kuta na magari.

Si kwamba mji ulikosa watu wa kuufikiria. Zilichorwa ramani za kuupanga mwaka 1923 na 1958, wakati wa Waingereza. Ikachorwa nyengine mwaka 1968 na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na nyengine mwaka 1982 na wataalamu wa Kichina. Majumba marefu ya Michenzani ni alama ya zama moja katika hizo, zama zilizoamini kwamba mtu wa kawaida naye anastahiki dirisha, bomba na taa. Lakini ramani hukaa karatasini, na watu huzaa, huoa na kuhama bila ya kuingojea.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu wa skuli ya sekondari. Ni mfano tu, lakini walio mfano wake ni wengi. Anaishi Ng'ambo katika vyumba viwili, yeye, mkewe, watoto wanne na mama yake mzazi. Ukuta mmoja ameshirikiana na jirani mwenye redio, ukuta wa pili na jirani mwenye mtoto mchanga. Mbele ya mlango hupita vespa tangu alfajiri, na jioni mkaanga bajia hutandika karai lake hapo hapo. Binti yake mkubwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Husoma akiwa ameziba masikio kwa viganja viwili, na kila akitaka kufungua ukurasa hulazimika kufungua sikio moja. Mwalimu huyu akisikia kwamba kuna kiwanja upande wa Tunguu, chenye minazi saba na muembe mmoja, nani atamlaumu akienda kukitazama siku hiyo hiyo?

Wapo wanaosifu msongamano wa mji kana kwamba ni fadhila. Husema kwamba katika mitaa ya zamani watu walipendana kwa kuwa waliishi karibu, na kwamba anayetaka kujitenga amepungukiwa na utu. Maneno hayo aghalabu husemwa na mtu mwenye chumba chake cha peke yake. Ukaribu wa lazima haulei mapenzi peke yake. Hulea pia umbea na magomvi ya maji na taka, na mume na mke wasioweza kuzungumza jambo lao ila kwa kunong'ona. Msichana anayesoma kwa masikio yaliyozibwa hana dhambi ya kujitenga. Anataka tu kuisikia akili yake. Faragha si anasa; ni sehemu ya heshima ya mtu. Basi iwekwe wazi tangu mwanzo kwamba maskini naye ana haki ya kimya, na kwamba hoja isemayo ni wenye mali tu wanaokihitaji ni hoja ya dhuluma.

Lakini historia ya kisiwa hiki inaonya kwamba kimya kina gharama, na si kila mara hulipwa na yule anayekifaidi. Sayyid Said bin Sultan alikuwa na kasri Mtoni, maili chache kaskazini ya mji, ufukweni. Aliigawa wiki yake baina ya kasri hiyo na ile ya mjini, akenda na kurudi baina ya shughuli za dola na upepo wa bahari. Binti yake, Salme, aliyezaliwa hapo Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana kwa jina la Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapishwa mwaka 1886. Ndani yake ameueleza uwanja mpana wa kasri hiyo, na tausi na paa waliozurura humo. Nafasi ilikuwepo. Ila nyumba ile ilisimama juu ya migongo ya watu. Waliochota maji, waliofagia uwanja ule, waliolima mashamba yaliyoilisha, walikuwa watumwa. Na hali ya utumwa haikuondolewa na sheria hapa Unguja mpaka mwaka 1897. Utulivu wa mmoja ulikuwa jasho la wengi, na hakuna awezaye kuusifu upepo wa baraza zile pasi na kumkumbuka aliyekuwa juani.

Majumba yenyewe hayakudumu. Marhubi, kasri aliyoijenga Sayyid Barghash karibu na hapo, iliungua mwaka 1899, na yaliyobakia ni nguzo. Mtoni ni magofu. Mwenye kusoma ushairi wa Kiswahili hatoshangaa, kwani somo hili ni kongwe katika lugha yake: Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatazama majumba ya Pate yaliyokwisha fahari yake, akauhutubia moyo wake kwa hayo aliyoyaona. Somo hilo mara nyingi hufahamiwa kuwa ni la mauti tu. Lina upande wa pili ulio wa walio hai: kwamba nafasi ya nyumba si dhamana ya wasaa wa moyo, na kwamba anayekusanya upana bila ya kujiuliza umetoka wapi anajenga juu ya mchanga.

Mwalimu wa mfano huu si sultani. Hana mtumwa, na fedha zake ni za mkopo na za mchezo wa mkewe. Lakini swali la umetoka wapi linamhusu naye, ijapokuwa kwa sauti ndogo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa serikali, na katika miaka iliyofuata familia nyingi zisizokuwa na kitu ziligaiwa eka tatu tatu za kulima. Jambo hilo lilikuwa na maana kuu: kwamba ardhi ni ya kumlisha mtu, si ya kumtukuza. Wajukuu wa waliogaiwa ndio leo wanaouza viwanja. Huuza kwa sababu mtoto anaumwa, au anasomeshwa, au kwa sababu muhogo haulipi na dalali amekuja na fedha taslimu. Ardhi iliyotolewa ili iondoe tofauti baina ya watu sasa hukatwa vipande, na kila kipande humwendea mwenye uwezo zaidi. Mwalimu anatoka kwenye dhiki, na anaingia mahali ambapo mwengine anatoka kwa dhiki yake. Mikono miwili yenye haja imekutana juu ya hati moja, mbele ya sheha. Hapana mkosa hapo. Lakini hapana pia aliye huru na wajibu.

Siku ya kupima kiwanja huzuka jambo ambalo hati haikulitaja. Katikati ya minazi saba inapita njia ya miguu. Ni nyembamba, imechimbika kwa nyayo, na hakuna ajuaye ilianza lini. Wanawake huipita wakienda kisimani, watoto wakienda skuli, na waombolezaji wakienda makaburini. Mwalimu ameinunua ardhi yote. Akijenga ukuta kama alivyokusudia, njia itakatwa, na watu watalazimika kuzunguka. Akiiacha, watu watapita chini ya dirisha lake tangu alfajiri, wakisalimiana kwa sauti, na kimya alichokitolea fedha kitakuwa na tundu katikati.

Mzee aliyemuuzia anapoulizwa kuhusu njia ile hujibu kwa upole: "Mwanangu, ardhi nimekuuzia. Njia sikukuuzia, haikuwa yangu."

Jibu hilo lina elimu ndefu ndani yake. Katika mila ya Unguja ardhi na kilicho juu yake si lazima viwe vya mtu mmoja. Mtu anaweza kumiliki mnazi uliosimama katika ardhi ya mwengine, akaja kuangua nazi zake bila ya kuitwa mwizi, na mwenye ardhi akalima chini yake bila ya kuitwa mvamizi. Sheria za kigeni zilizokuja zikitafuta mwenye mali mmoja kwa kila kipande zilitatizika na jambo hilo, lakini wenyewe hawakulioni tatizo. Walifahamu kwamba mahali pamoja panaweza kubeba haki nyingi: ya mpanzi, ya mlimaji, ya mpita njia, ya mchota maji, ya aliyezikwa. Kununua haki moja si kuzifuta nyengine.

Basi kimya nacho ni cha namna hiyo. Anayekwenda Tunguu kununua kiwanja halipii kimya, japokuwa anadhani hivyo. Hulipia udongo. Kimya alikikuta. Kimetengenezwa na watu ambao kwa miaka mingi hawakukata miti yote, na wakaacha uwazi baina ya nyumba na nyumba. Yeye ni mgeni wa kimya hicho. Na hapa ndipo inapoonekana kejeli ya jambo zima: kila anayekwenda kukitafuta hukipunguza kwa kufika kwake. Wa kwanza hukuta ndege. Wa kumi hukuta mashine ya kuchanganyia zege ya wa tisa. Wa mia hukuta alichokikimbia, na huanza kuuliza bei ya viwanja vya mbele zaidi. Jambo zuri ambalo haliwezi kubakia zuri wakilifanya wote linahitaji kufanywa kwa adabu, la sivyo huwa ni kuiba kwa zamu.

Maji yanaufundisha mji somo hilo hilo. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Mji ulizoea kunywa kutoka shamba bila ya kuuliza habari ya shamba. Sasa mji wenyewe unahamia juu ya vyanzo vyake. Jiwe la matumbawe lililobeba sehemu kubwa ya kisiwa lina vitundu kama sifongo. Kinachomwagwa juu hushuka, na haichukui muda kukutana na maji ya kisima. Mtu mmoja akichimba kisima chake, na hatua chache kando yake akachimba karo la choo, anajidhuru peke yake. Wakifanya hivyo mia, kila mmoja nyuma ya ukuta wake, wote wanakunywa katika kikombe kimoja na hakuna anayekiona. Kuta hugawa ardhi ya juu. Maji ya chini hayajui kuta.

Upande wa pili wa neno nafasi nao unadai hesabu yake. Kutoka Tunguu hadi mjini si safari ya kutisha. Lakini kuna kungoja daladala, kuna msongamano wa Mwanakwerekwe, kuna masika. Mwalimu akitumia saa moja na robo asubuhi na saa moja na robo jioni, atatumia saa mbili na nusu kwa siku, saa kumi na mbili na nusu kwa wiki ya siku tano, na katika wiki 48 za kazi saa 600. Hizo ni siku 25, usiku na mchana wake. Kila mwaka ataishi karibu mwezi mmoja akiwa amekaa kwenye benchi la gari, magoti yake yamegusa magoti ya asiowajua. Ataondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri watoto wadogo wakiwa wamelala, na akirudi baada ya magharibi atawakuta wamechoka. Chumba cha kusomea cha binti kimepatikana. Baba wa kumuelekeza hesabu hayupo. Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Walisahau kutaja kwamba anayekwenda na kurudi kila siku anaweza kufika ngamani akiwa hana nguvu ya kuzungumza na aliyemo.

Tena hesabu hiyo hailipwi na mwenye kusafiri peke yake. Mkewe, aliyekuwa na dada wawili mtaa wa pili, sasa anao muembe. Mama yake mzazi, aliyekuwa akikaa kizingitini na kupashwa habari za mtaa mzima kabla ya adhuhuri, sasa anakaa kwenye uwanja mpana na kutazama lango lililofungwa. Mwalimu atamwambia: "Mama, huku kuna utulivu." Naye, kwa kuwa ni mama na anajua mwanawe amejitolea, atasema alhamdulillahi. Lakini Kiswahili kinatofautisha utulivu na ukimya, na kinatofautisha ukimya na upweke. Ukimya ni kutokuwepo kwa sauti. Utulivu ni moyo kukaa mahali pake, na unaweza kupatikana katikati ya sauti za watu wapendwao. Upweke ni ukimya usioombwa. Nyumba iliyomtoa mama kwenye kelele na kumtia kwenye upweke imebadilisha maradhi tu. Ndiyo maana ikasemwa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Yapo mambo mawili yasemwayo na wenye kutetea kuta. La kwanza ni kwamba mtu amehangaikia alichonacho, na asiyechangia jasho hana la kudai. Hoja hii ina nguvu kwenye vitu ambavyo jasho la mtu limevizaa: kiti alichokichonga, nyumba aliyoijenga. Haina nguvu kwenye upepo, njia na maji. Jasho la mwalimu limezaa kuta nne na bati, halikuzaa Tunguu. La pili ni kwamba wema wa mtu mmoja haubadilishi kitu, kwani yeye akiacha njia, jirani atajenga na njia itafika ukutani. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu. Ni kweli kwamba mtu mmoja hawezi kuwa mpango wa mji. Anayeachiwa kutafuta utulivu peke yake, kwa fedha zake na daladala mbovu, amekosewa na wale ambao ni kazi yao kupanga barabara, maji na uwazi, na kuwaachia wa mjini miti na viwanja vya kupumulia, ili kimya kisiwe cha waliohama tu. Lakini mtu kutendewa kasoro hakumpi ruhusa ya kuipitisha kasoro hiyo kwa aliye dhaifu kuliko yeye. Mwanamke mwenye ndoo kichwani hakumkosea mwalimu. Kwa nini azungushwe yeye?

Basi lililo sawa ni lipi? Si kumkataza mwalimu asihame. Hilo litakuwa ni kumhukumu binti aendelee kuziba masikio. Ni kutambua kwamba anayehamia mahali penye nafasi anachukua madeni matatu pamoja na hati, na kwamba asiyeyalipa hakuinunua nyumba, ameikopa kwa wasiojua kwamba wamekopesha.

Deni la kwanza ni la mahali. Miti aliyoikuta si uchafu wa kusafishwa kabla ya msingi. Mnazi unaoweza kuachwa na uachwe. Kisima kiwe mbali na karo. Uwanja ubaki udongo wa kunywa mvua, usitandikwe zege hadi ukutani kisha maji yakapelekwa kwa jirani wa chini.

Deni la pili ni la wenyeji. Pwani ina msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo hutumiwa kumkaribisha mgeni, lakini ndani yake umemuwekea sharti. Ujio wake uwe dawa. Mwalimu anayehamia Tunguu na kuwafundisha watoto wa hapo hesabu jioni mbili kwa wiki amelilipa sharti hilo. Anayehamia na kujuana na wenyeji pale tu anapotaka kibarua wa kukata majani, hakulilipa.

Deni la tatu ni la watu wa nyumba yake. Aliyewapa upana asiwanyime muda. Saa anazozipoteza njiani haziwezi kurudi, ila zilizobakia zinaweza kulindwa: simu iwekwe chini, wageni waalikwe, mama apelekwe mjini kwa dada zake na jamaa kila wiki kama ambavyo mtoto hupelekwa hospitali, bila ya kuonekana kuwa ni fadhila. Nyumba yenye vyumba vitano na isiyo na mtu mwenye nafasi ya kusikiliza ni nyumba finyu.

Kuhusu njia ile, tatizo lake lina ufumbuzi ambao si wa kishujaa. Ukuta unaweza kusogezwa. Akiurudisha ndani futi nane upande mmoja, njia itapinda kidogo kuzunguka kona yake na itaendelea kwenda kisimani na makaburini. Atapoteza mnazi mmoja utakaobakia nje, na kipande cha ardhi alichokilipia. Na kwa kuwa ukuta lazima uwe na msingi, anaweza kuutokezesha msingi huo kwa nje kwa kimo cha goti, apake lipu, iwe baraza. Mama yake atapata pa kukaa jioni. Mwenye ndoo atapata pa kuitua. Asubuhi zitasikika sauti, ni kweli: shikamoo na marahaba, na watoto wakikimbizana. Binti atazisikia kutoka mbali, kupitia dirishani, na zitamfikia zikiwa sauti, si kelele.

Kipimo cha nyumba yenye nafasi, kwa hivyo, si futi ngapi zimezungushiwa ukuta. Kipimo ni je, kuna nafasi ndani yake ya mtu asiyekuwa mwenyewe? Mji Mkongwe, pamoja na ufinyu wake wote, ulijua kuiweka nafasi hiyo mahali pake: nje ya mlango, juu ya jiwe, ambapo mwenye nyumba na mpita njia walikaa kimo kimoja. Anayeondoka mjini aweza kuiacha mitaa, harufu na karai la bajia. Baraza na aihame nayo.